Safari ya Unionville Kurudisha Vituo Vinne

Nilisafiri kwenda Unionville kwa sababu niliomba vituo vitano vya treni. Nyinyi mlio nyumbani Mombasa mtaniambia mtu hasafiri kwa kuomba, husafiri kwa kupewa. Ngojeni.

Mambo yalianza mwezi wa tano, katika ukumbi mdogo wa jengo letu hapa Dixon Road, Kanada, ule unaotumika kwa sherehe za kuzaliwa na vikao vya kuilalamikia lifti. Watu wa mipango ya reli walikuja na ramani kubwa kama shuka ya vitanda viwili. Katikati ya mji, njia za treni zilichorwa kwa wino mzito. Zikifika ukingoni zilikatika ghafla, kama suruali iliyokatwa magotini, na kuanzia hapo hadi vitongoji vyote vilivyotuzunguka ilikuwa nukta nukta. Nukta maana yake wazo. Niliyahesabu mawazo yao: tisa. Nikahesabu tena: kumi. Baadaye nikaambiwa la kumi ni mto.

Pamoja na treni, ambayo itakuja baada ya miaka ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja, walileta jambo dogo lenye maana. Popote kitakapochorwa kituo kwenye ramani ya mwisho, basi la haraka litaanza kusimama pale majira ya kuchipua yajayo, lishike nafasi kama mtu anavyoweka kanga kwenye kiti. Basi hilo litatoka Malton, kwenye maghala, lipite Dixon moja kwa moja bila kubembeleza kila nguzo ya taa.

Hapo ndipo jirani yangu Wairimu aliponyanyua kichwa. Wairimu anakaa mlango wa pili kutoka kwangu, ghorofa ya kumi na nne, na binti yake Nyawira wa miaka minne. Anafungasha vifurushi katika ghala moja la Malton, anatoka saa kumi, anapanda mabasi mawili, na chekechea ya Nyawira inafunga saa kumi na mbili. Akifika humkuta mtoto peke yake karibu na mlango, mwalimu ameshamvika koti. Ameshaandikiwa makosa mawili ya kuchelewa. La tatu, nafasi ya mtoto inapewa mwingine. Msimamizi wake kazini amekubali atoke nusu saa mapema hadi majira ya kuchipua, na kamwambia wazi kuwa baada ya hapo asije na hadithi.

Kwa hiyo jengo likanituma mimi nikazungumze. Niliuza viatu vya mitumba sokoni Kongowea miaka kumi na mmoja, na humu ndani hakuna asiyejua kuwa siwezi kununua hata kitunguu bila kumuuliza muuzaji bei yake ya mwisho. Tulitaka kituo kimoja, pembeni mwa jengo letu. Nikaenda mezani, nikatazamana na bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, jina lake Colin, akaniuliza tunataka vituo vingapi.

Nikasema, "Vitano."

Kwa sheria za Kongowea, ukitaka kimoja unataja vitano. Mwenzio anasema hakuna. Unacheka. Anasema labda nusu. Unakasirika, unaondoka, na kabla hujamaliza hatua ya saba anakuita, "Mama, njoo tuelewane."

Colin aliandika tano, akanishukuru kwa mchango wangu.

Nikakasirika hata hivyo, nikaondoka. Nikahesabu hatua saba. Hakuniita. Nikahesabu nyingine saba. Nikaingia lifti polepole ili anione. Nilifika ghorofa ya kumi na nne bila mtu kuniita.

Mwezi wa kumi ikaja barua: ombi la vituo vitano halitaendelea, ni kubwa mno. Ila aliyeomba anaweza kulirekebisha ana kwa ana, katika mkutano wa mwisho wa wananchi, Jumamosi, Unionville, kabla ya saa tisa alasiri. Unionville iko upande wa pili wa mji wote. Barua niliikunja mara mbili, sikumwambia mtu.

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi. Nilikutana na Wairimu kwenye lifti, amebeba kapu la nguo, anawahi mashine za kufulia kabla watu hawajaamka.

"Mama Zuena, manze umevaa! Unaenda harusi?"

"Naenda Unionville."

"Kuna nini Unionville?"

"Kutembea tu."

Akanitazama toka viatu hadi mtandio. "Wewe? Kutembea? Bure?"

Lifti ilitusaidia kwa kufunguka. Akasema, akiwa ameshatoka, "Ukipata habari za lile basi letu uniambie. Nimeshamwambia supervisor ni sure." Nikamwambia inshallah, na nikaliomba neno hilo msamaha kwa mzigo niliolitwika.

Saa moja na robo, kituoni. Basi la kwanza lilikuja limejaa wafanyakazi wa uwanja wa ndege waliomaliza zamu, wamelala wima kama mafagio. Juu yetu ndege zilikuwa zikishuka moja baada ya nyingine. Nilihesabu ndege kumi na nne kabla hatujatoka Dixon. Mtu angeweza kuruka Ottawa, akanywa chai kwa shangazi yake na kurudi, kabla mimi sijaiona Unionville, na zote mbili ziko mkoa uleule.

Basi lilisimama mara thelathini na moja hadi penye treni ya chini ya ardhi. Siku hiyo jioni, nikirudi, nilihesabu thelathini na tatu. Sijui vile viwili vilizaliwa saa ngapi. Kimoja kilikuwa mbele ya jengo lililovunjwa. Basi lilisimama, likafungua mlango, halikupandisha mtu, halikushusha mtu, likafunga, likaendelea. Nikamwuliza dereva kwa upole, "Hapa unamsubiri nani?" Akasema, "Mama, mimi nasimama tu. Kuna watu kwenye orodha, hawapo barabarani." Mtu mwenye busara. Angewekwa kwenye mipango, wangemwonea wivu.

Saa mbili na dakika tano, chini ya ardhi. Treni hii siisengenyi. Inakuja, inakwenda, inanguruma kidogo kama mzee anayetoka kitini. Kosa lake ni moja tu: inapenda mji na haipendi watu wanaoufanyia mji kazi. Ilipotuzungusha hadi katikati, kwenye kituo kikuu, tulibaki ndani watu wachache, na nje kulikuwa na majengo ya vioo matupu kwa kuwa ni Jumamosi. Sisi tulio wengi tunakaa kule mistari inakokuwa nukta.

Kwenye kituo kikuu nilisubiri treni ndefu ya vitongoji, ile ya ghorofa mbili, dakika arobaini na moja. Nilikaa juu, dirishani. Inapita nyuma ya nyumba za watu, kwa hiyo unaiona Kanada ambayo hawakuoneshi mbele: mashine mbovu za kuchoma nyama, mabwawa ya plastiki yaliyojikunja, baiskeli zilizokula kutu. Mbele ya nyumba hizohizo, nina hakika, majani yamekatwa kwa mkasi.

Saa nne na dakika ishirini, Unionville. Kutoka mlangoni kwangu, saa tatu na dakika kumi. Nikahesabu tena, maana mara nyingine uchovu huongeza: saa tatu na dakika kumi.

Kituo kimezungukwa na magari. Sijapata kuona mahali pa treni palipopenda gari namna ile. Hakukuwa na basi la karibuni, nikauliza njia, nikatembea dakika ishirini na sita. Mtaa wao wa zamani ni mzuri, siwezi kusema uongo: nyumba za mbao zenye rangi, duka la aiskrimu lenye foleni wakati sisi wengine tumevaa glavu, na mabibi harusi wawili wanapigwa picha kwenye bwawa moja, kila mmoja akijifanya mwenzake hayupo.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa jamii. Mlangoni nilipewa karatasi ya kujiandikisha. Swali la kwanza: namba ya gari lako. Nikaandika namba ya basi. Binti wa mapokezi akasema haitoshi herufi. Nikamwambia hata sisi tulilalamika hivyohivyo kuwa basi halitoshi.

Ndani palikuwa na viti sitini na watu kumi na mmoja. Nikahesabu tena: kumi na wawili, mmoja alikuwa ameinama akitafuta biskuti. Ukutani zilining'inia ramani zilezile, safari hii zimebandikwa stika za duara, kijani ya "nataka" na nyekundu ya "sitaki". Kila mtu alipewa stika tatu za kila rangi. Bwana mmoja aliyevaa koti la manyoya mepesi alikuwa anabandika kijani kwenye reli na nyekundu kwenye vituo.

"Unaitaka treni?" nikamwuliza.

"Sana. Ni maendeleo."

"Na vituo huvitaki?"

"Kituo huleta kelele. Treni ipite tu."

"Na wewe utapandia wapi?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mimi nina gari," akasema.

Colin alinikumbuka. Akanyanyua mikono yote miwili. "Mama wa vituo vitano! Umetoka mbali!"

"Nimekuja kurudisha vinne," nikamwambia.

"Kurudisha?"

"Vilizidi. Ile ilikuwa bei ya kuanzia."

Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiingereza, nawatafsirieni, lakini hata ningeyasema kwa Kiingereza cha malkia asingeelewa. Alinitazama kama mtu aliyepewa mkono wa pole kwenye harusi. "Ulisema vitano," akasema. "Tuliheshimu ulichosema."

Nawaambieni ukweli, hakuna tusi nililowahi kutukanwa Kongowea lililoniingia kama heshima ile.

Akaniletea fomu ya marekebisho. Sharti lake: isainiwe pia na mkazi wa eneo jingine, kuonyesha kwamba ombi lina faida kwa mkoa mzima, si kwa wenye nalo tu. Nikatazama ukumbi. Mkazi wa eneo jingine ninayemjua alikuwa yule wa koti la manyoya. Nikasema kwa sauti, kwa lugha yangu, "Ya Rabi, leo nimekwama."

"Hujakwama," ikajibu sauti nyuma ya birika. "Kunywa chai kwanza, ndiyo ukwame."

Alikuwa bibi wa Kihindi, mfupi, sweta la kijivu na raba nyeupe, amesimama kwenye meza ya chai kama nahodha. Jina lake Bi Gulshan, mzaliwa wa Tanga, barabara ya nane, ambako familia yake, Waismaili, walikuwa na duka la vitenge. Unionville anakaa kwa binti yake. Alijitolea kupika chai ya mikutano kwa sababu, alisema, chai waliyokuwa wakipika wenyewe ilikuwa maji ya kusuuzia vikombe.

"Wewe mtoto wa Mombasa," akasema. "Nimejua kwa hiyo 'Ya Rabi' yako."

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umefanya nini mpaka umwite Mungu mbele ya biskuti?"

Nikamsimulia yote: kituo kimoja, vitano, hatua saba, lifti, barua. Nilipofikia pale pa lifti ilimbidi aweke birika chini. Akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha mezani. Nikamweleza na habari ya Wairimu na koti la mtoto, na hapo akaacha kucheka.

"Mume wangu mgonjwa," akasema. "Binti anayekuja kumwogesha anatoka Malton. Akifika huku, ni yeye anayehitaji kuogeshwa. Lete hiyo fomu."

Nikampa. Akaishika, hakuisaini.

"Na mimi nifaidike nini?"

"Thawabu, Bi."

"Thawabu ninazo. Sina benchi. Pale kwenye reli mimi na huyo binti tunasimama kama mlingoti. Nimeandika ombi langu, nataka sahihi ya mtu wa nje. Nawe huko Dixon kuna duka la Waswahili?"

"Lipo."

"Unga wa muhogo. Kilo mbili."

"Nusu kilo, Bi. Nina safari ya saa tatu."

"Kilo na nusu, na unywe chai mbili."

"Kilo moja, chai tatu."

"Haya!" Akapiga meza. Watu kumi na mmoja wakageuka. Ilikuwa miezi sita, tangu ule mwezi wa tano, sijaelewana na mtu kwa namna ile, na nilijisikia kama niliyevua kiatu kinachobana. Nikasaini yake, akasaini yangu. Ndipo nikaisoma ile yake.

"Bi, umeomba mabenchi mawili."

"Mawili."

"Mnakaa wangapi?"

"Mimi na yule binti. Moja latutosha, hata na mikoba."

"Sasa mbona mawili?"

Akanielekeza kwa kidevu. Kwenye ramani za mwisho alisimama mama mrefu mwenye miwani, kalamu nyekundu nyuma ya sikio. "Yule ndiye mhandisi mkubwa. Nimekuwa namtazama toka asubuhi. Kila ramani anayosimama mbele yake, akiondoka imebaki nusu."

Saa nane na dakika thelathini na tano, baada ya chai tatu na hotuba zao zote. Nikaenda kwa mhandisi nikiwa na fomu yangu ya kituo kimoja, imesainiwa, safi kama uso wa mtoto. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Wewe unakata?"

"Napunguza," akasema. Alikuwa mtu mkweli, na mkweli katika ofisi ni kama mvua ya Januari, usimwulize ametoka wapi, kinga ndoo. "Ombi la vitu zaidi ya vitatu halisomwi. Yaliyobaki tunayakata nusu. Tusipoyakata sisi, watayakata walio juu, na wao hawatumii rula."

"Na kituo kimoja, ukikikata nusu?"

"Kinaunganishwa na cha jirani." Akaweka kidole. Jirani yetu kwenye ramani alikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya magari, ile ya njia nyingi. Naijua safari hiyo kwa miguu. Dakika ishirini na saba kiangazi. Kwenye theluji, thelathini na tatu na sala. Wairimu akishuka kule, atamkuta mwalimu ameshamvika Nyawira koti na kumvua.

Kwa hiyo walikuwa wanapatana, jamani! Wanapatana tangu mwanzo, ila wanapatana wenyewe kwa wenyewe, nyuma ya mlango, mwenye mali akiwa nje anashukuriwa kwa mchango wake. Nikitaja vitano, haisomwi. Nikitaja kimoja, nabaki na nusu, ng'ambo. Nikitaja viwili watabakisha kile cha ng'ambo ambako kuna uwanja mtupu, maana ni rahisi kujenga pasipo na watu. Nilikuwa na dakika ishirini na tano. Nikahesabu tena: ishirini na nne.

Nikakaa kwenye mojawapo ya viti arobaini na nane vilivyo wazi, nikavitazama viatu vyangu. Na hapo akili ya Kongowea ikanirudia. Muuza viatu, mteja akisema "nipunguzie", humpi kiatu kimoja. Lakini muuza viatu anajua pia kwamba alichouza, kwa jina, ni kimoja, na kwa kuhesabu, ni viwili.

Nikafuta "kituo kimoja". Nikaandika: "Milango miwili ya kituo, pembe moja, Dixon Road. Mmoja upande wa kaskazini wa barabara, mmoja upande wa kusini." Bi Gulshan akaweka sahihi yake tena pembeni ya marekebisho, bila kudai unga zaidi. Akasema tu, "Miwili. Umejifunza."

Mhandisi aliisoma mara ya kwanza. Akaisoma mara ya pili, na nilimpenda kwa hilo. Milango miwili si vituo viwili, haizidi mitatu, ikikatwa nusu unabaki mmoja, na mlango mmoja hauwezi kuunganishwa na ng'ambo ya barabara kuu kwa sababu mlango lazima uwe na mahali. Alivua miwani.

"Ulifanya kazi wapi kabla?"

"Kongowea."

"Ni kampuni?"

"Kubwa sana."

Akachomoa kalamu nyekundu. "Sawa. Nikate upi?"

Hapo sikuwa nimefika katika hesabu zangu. Kila mlango, akanieleza, utapata kibao chake cha basi la haraka. Wa kaskazini ni wa magari yanayokwenda Malton. Wa kusini ni wa yanayotoka Malton. Tutabaki na kimoja: basi la haraka litatupeleka kazini na kutuacha huko, au litaturudisha nyumbani lakini kwenda tujiendee.

"Usikate wowote," nikasema.

"Nitakata."

"Kata robo."

"Mlango haukatwi robo."

Nikakasirika, nikaondoka. Moja, mbili, tatu. Nne, tano, sita. Colin alikuwa ameanza kukusanya viti. Hatua ya saba niligeuka mwenyewe, nikarudi, na sikuona aibu.

Nilichofikiri ni hiki. Saa ya kwenda kazini ni yako. Unaweza kuipunguza: ukaamka mapema, ukala njiani, ukamvika mtoto akiwa bado amelala begani. Wairimu amekuwa akiipunguza miaka miwili sasa na bado inapungua. Saa ya kurudi si yako. Ni ya msimamizi, ya dereva, ya mwalimu wa chekechea aliyeshika funguo. Hiyo ndiyo ya kununuliwa, na ukiwa na nafasi ya kununua moja tu, huulizi mara mbili.

"Kata wa kwenda," nikasema. "Tuachie wa kurudi."

Akapiga mstari mwekundu juu ya neno kaskazini. Akagonga muhuri saa nane na dakika hamsini na tatu, akanipa nakala. Bi Gulshan alikuwa amemkatia mhandisi benchi lake la pili kwa hiari yake mwenyewe kabla hajaombwa, na akajifanya kuumia. "Ah, mmeninyang'anya!" akalia, akanikonyeza.

Kurudi kulichukua saa tatu na dakika ishirini na nane. Zile kumi na nane za ziada ni za vituo vilivyozaliwa mchana. Kwenye treni nilisoma nakala yangu mara nyingi kuliko nilivyosoma cheti cha ndoa. Nilikuwa na la kuwaambia majirani, na lilikuwa na sehemu mbili, kosa langu la vitano na basi la upande mmoja, na hakuna kati ya hizo iliyopungua hata nilipoigeuza.

Saa moja jioni, chumba cha kufulia, ghorofa ya chini. Jumamosi jioni kamati yetu yote huwa pale, kwa kuwa hakuna asiye na nguo chafu. Walikuwa saba. Wairimu alikuwa anakunja. Nikawaambia kuanzia mwanzo: bei ya kuanzia, barua niliyoikunja, safari, mlango.

"Ulianza na ngapi?" Wairimu akauliza.

"Vitano."

"Mathe! Vitano! Si tulikutuma kimoja?"

"Ndiyo bei ya kuanzia."

Jirani mmoja wa ghorofa ya tisa akaipokonya ile nakala. "Kwa hiyo tumepewa basi la kurudi bila la kwenda? Tutarudi kutoka wapi kama hatujaenda?" Watu wakaangua kicheko, mashine mbili zikamaliza kuzunguka kwa pamoja, mwingine akasema hata yeye anajua mtu aliyerudi bila kwenda, ni mume wake. Nikawaacha wacheke. Nilistahili.

Kama mtaniuliza nilichojifunza, wenzangu wa Mombasa, si kwamba huku hawapatani. Wanapatana kuliko sisi. Ila sisi tunapatana uso kwa uso, na ukiondoka unaitwa. Wao wanapatana na wasiokuwepo. Kwa hiyo nenda ukawepo, hata kama ni saa tatu na dakika kumi. Na usiondoke hatua saba.

Wairimu hakucheka na wengine. Alikuwa ameishika nakala kwenye mwanga, kidole kwenye neno kusini.

"Nikitoka saa kumi kamili," akasema, "nitashuka hapo saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika hamsini, dereva akiwa mkali. Saa kumi na moja, akiwa mpole."

Akahesabu kwa vidole. Nikamwona anahesabu tena. Kisha akachukua kutoka kwenye kapu koti dogo la zambarau, bado lina joto la mashine, akafunga zipu yake hadi juu, akaifungua.

"Sawa," akasema. "Basi koti nitamvika mwenyewe."